Pril, sartan, flozin au gliptin: ipi ya kulinda figo za mwenye kisukari?

Mwenye kisukari akishaambiwa mkojo wake una protini, huja dirishani famasi na swali lilelile: hii dawa mpya niliyoandikiwa ni ya sukari, ya presha au ya figo? Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi haimsaidii sana, maana karibu kila dawa ya kundi hili inaelezwa kwamba "inazuia" kitu fulani. Moja inazuia kimeng'enya, nyingine kipokezi, nyingine mlango wa sukari kwenye figo. Kwa mgonjwa zote zinasikika kama ndugu wa baba mmoja, na mwenye duka asiyejali atakuuzia yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Watafiti wamejaribu kuzuia vimeng'enya vingi ili kuokoa figo za wenye kisukari. Katika majaribio makubwa, hadi sasa ni kimoja tu ambacho kukizuia kumeleta faida isiyo na ubishi, nacho ni kile kinachotengeneza angiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa ya damu. Kimeng'enya hicho kwa kifupi huitwa ACE. Dawa zake ni familia ya pril: captopril, enalapril, lisinopril, ramipril. Sartan (losartan, irbesartan, telmisartan) hukata mkondo uleule hatua moja mbele, na kwa wengi wetu huku inavumilika zaidi. Flozin (canagliflozin, dapagliflozin, empagliflozin) haigusi kimeng'enya chochote, lakini ndiyo ya kuongeza juu ya mojawapo ya hizo mbili. Gliptin (sitagliptin, linagliptin) ni kizuizi cha kimeng'enya hasa, na kwa upande wa figo haikufua dafu.

Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili ukilinganisha na yako usikosee.

Kila moja inashika wapi

Kila figo ina vichujio vidogo vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mshipa wa kuingiza hulegea, huku ule wa kutoa ukibanwa na angiotensini ya pili. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani ambao bomba lake limefunguliwa lote na mtu amekanyaga ncha: presha hujaa katikati. Ukuta wa kichujio hunenepa na kulegea, na albumini, protini inayopaswa kubaki kwenye damu, huanza kuvuja. Kwa wengine mkojo hutoa povu, kwa wengine hakuna dalili yoyote hadi kipimo kiseme.

Pril humzuia ACE asitengeneze angiotensini ya pili. Sartan humwacha ACE aendelee na kazi, lakini huziba kipokezi ambacho homoni hiyo ingekaa. Njia mbili, matokeo mamoja: mshipa wa kutoa hufunguka na presha ndani ya kichujio hushuka.

Flozin hushughulikia upande wa pili. Huzuia figo isirudishe sukari na chumvi kwenye damu, na chumvi hiyo ikifika mbele kwenye mirija ya figo, figo yenyewe hubana mshipa wa kuingiza. Pril au sartan hufungua mlango wa kutokea, flozin hupunguza wa kuingilia. Ndiyo maana zinaongezeana nguvu badala ya kurudia kazi moja.

Gliptin iko mbali na yote haya. Kimeng'enya inachokizuia, DPP-4, huvunja homoni za utumbo zinazohimiza kongosho kutoa insulini. Ukikizuia, homoni hizo hudumu na sukari hushuka kiasi. Mishipa ya kichujio haihusiki.

Pril na sartan: hapa ndipo penye maneno

Wazo la captopril lilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye Bothrops jararaca, ambaye sumu yake huangusha presha ya aliyeumwa. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1981 kama dawa ya presha. Mwaka 1993 yakatoka matokeo ya wagonjwa 409 wenye kisukari aina ya kwanza na figo zilizokwisha kuathirika: waliomeza captopril walipungukiwa na hatari ya kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikichoka, kupanda maradufu kwa asilimia 48, na hatari ya kufa, kusafishwa damu au kuhitaji figo mpya, kwa pamoja, ilishuka kwa nusu. Faida hiyo ilizidi ile ambayo kushuka kwa presha peke yake kungeweza kuieleza.

Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ilipata ushahidi wake mwaka 2001, na ulitoka kwa sartan. Losartan ilijaribiwa kwa watu 1,513 na kupunguza hatari ya figo kufa kabisa kwa asilimia 28. Irbesartan ilijaribiwa kwa watu 1,715, na jaribio hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kundi moja lilipewa amlodipine, dawa ya presha ya familia nyingine. Presha ya waliotumia amlodipine ilishuka karibu sawa na ya waliotumia irbesartan, lakini figo zao hazikupata ulinzi ule. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari na protini kwenye mkojo anayesema "presha yangu iko sawa, natumia amlodipine tu" ana haki ya kumuuliza daktari mbona hakuna pril wala sartan kwenye karatasi yake.

Je, zikishindanishwa ana kwa ana? Mwaka 2004 telmisartan na enalapril zililinganishwa kwa watu 250 wenye kisukari aina ya pili, wakafuatiliwa miaka mitano. Figo zilikwenda sawa. Kwa kigezo cha figo hakuna mshindi, na kinachobaki kuamua ni madhara, bei na idadi ya vidonge.

Kwenye madhara tofauti inaonekana. ACE huyohuyo anayetengeneza angiotensini ya pili ndiye pia anayevunja bradikinini, kemikali ya mwili wenyewe. Ukimzuia, bradikinini hujazana kwenye njia ya hewa na kuleta kikohozi kikavu. Humpata mtu 1 kati ya 10 hivi, na tafiti nyingine hupata zaidi. Dirishani huwa hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Nipatie dawa ya kifua, lakini kali kuliko ile ya mwezi uliopita."

"Unatoa makohozi?"

"Wala. Kinanikereketa tu hapa kooni, usiku silali, na mama watoto naye halali."

Ukifungua daftari lake la kliniki unakuta enalapril, ameianza miezi miwili nyuma. Sirapu haitamsaidia hata akinywa katoni. Ila tusikimbilie kuilaumu dawa peke yake: kwetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi hupimwa kifua kikuu, na mwenye kisukari yumo kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake asiye nacho. Apimwe, na wakati huohuo daktari afikirie kumhamishia kwenye sartan. Kikohozi cha pril kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache baada ya kuiacha, japo wapo wanaosubiri hadi miezi mitatu. Sartan haimgusi ACE, kwa hiyo haileti kikohozi hicho.

Kuna dhara jingine, ni adimu lakini linaua: kuvimba ghafla midomo, ulimi na koo. Watu weusi hupatwa nalo kwa pril mara kadhaa zaidi ya weupe. Ikitokea, ni kukimbizwa hospitali hapohapo, na pril haigusiwi tena maisha yote. Linaweza kuja wiki ya kwanza au hata baada ya miaka ya kumeza bila shida, jambo linalowafanya wengi wadhani ni mzio wa samaki waliokula mchana.

Kwa bei, captopril na enalapril ni za zamani na kwa kawaida ndizo nafuu zaidi. Captopril ina usumbufu wake: katika lile jaribio la 1993 ilimezwa mara tatu kwa siku. Losartan ni mara moja kwa siku, na za viwanda vya India zimejaa madukani.

Uamuzi wangu: ukiwa na kisukari aina ya pili na zote mbili ziko rafuni kwa bei inayokaribiana, chukua sartan. Kituo chenu kikiwa na enalapril tu na wewe hukohoi, baki nayo kwa amani, hupungukiwi na kitu.

Zaidi ya jina, tazama dozi. Majaribio yaliyoonyesha ulinzi yalitumia dozi za kutosha, losartan ikianzia miligramu 50 na kupandishwa hadi 100. Wagonjwa wengi huanzishiwa dozi ndogo, jambo sahihi, kisha hubaki hapohapo miaka nenda rudi kwa sababu kila kliniki hunakili karatasi ya kliniki iliyopita. Muulize daktari kama kuna nafasi ya kupanda.

Mbili pamoja, hapana

Ilionekana jambo la akili: kama kuzuia mkondo sehemu moja kunasaidia, kuuzuia sehemu mbili kutasaidia zaidi. Mwaka 2008 telmisartan na ramipril zilipotumiwa pamoja, madhara kwa figo yaliongezeka bila faida ya ziada. Mwaka 2013 jaribio la losartan pamoja na lisinopril kwa wanajeshi wastaafu 1,448 wa Marekani lilisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu potasiamu ilikuwa ikipanda na figo zikishindwa ghafla. Huku kwetu hatari hii huja kwa mlango wa nyuma: mtu anahudhuria kliniki ya kisukari na kliniki ya moyo, huku kapewa pril na kule sartan, na nyumbani anameza zote kwa uaminifu. Soma herufi za mwisho za jina la dawa, lile dogo lililo chini ya jina la kibiashara.

Pril na sartan zina masharti yaleyale. Kreatinini na potasiamu zipimwe kabla ya kuanza, na zirudiwe wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza au kupandisha dozi. Kreatinini ikipanda kidogo, hadi asilimia 30, kwa kawaida si sababu ya kuacha. Ni dalili kwamba presha ndani ya kichujio imeshuka. Ikizidi hapo, daktari atafute chanzo. Potasiamu nayo ichungwe, na hapa watu wa pwani nina neno nao: maji ya madafu yana potasiamu nyingi. Ambaye potasiamu yake imeanza kupanda asiyanywe kila siku kwa imani kwamba yanasafisha figo. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa watu wa presha nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, nazo ni vilevile.

Diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa kama karanga kwa maumivu ya mgongo na magoti, ni adui wa mchanganyiko huu, hasa ukiwa pia unameza dawa ya kukojoza maji. Ukiharisha au kutapika sana, wasiliana na kliniki yako kuhusu kusimamisha dawa hadi uweze kunywa na kula. Mwanamke mwenye mimba asitumie pril wala sartan, zinadhuru figo za mtoto tumboni; anayepanga kushika mimba aseme mapema, zipo dawa za presha zinazofaa wakati huo, kama methyldopa.

Flozin: si kimeng'enya, lakini inafanya kazi

Canagliflozin ilijaribiwa kwa watu 4,401 wenye kisukari aina ya pili na protini kwenye mkojo. Matokeo yalitoka mwaka 2019: hatari ya figo kuharibika vibaya, au kifo kitokanacho na figo au moyo, ilishuka kwa asilimia 30. Dapagliflozin ilifuata mwaka 2020 kwa watu 4,304, wakiwemo wasio na kisukari, ikashusha kwa asilimia 39. Kisha empagliflozin, watu 6,609, asilimia 28. Angalia jambo moja: washiriki wa canagliflozin wote walikuwa tayari wanatumia pril au sartan, na wa hizo nyingine mbili walio wengi sana. Hivyo ushahidi unasema flozin iongezwe juu. Anayeacha losartan ili anunue flozin amefanya jambo ambalo majaribio hayo hayakulipima.

Mwongozo wa 2022 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unaruhusu kuianza ilimradi kiwango cha uchujaji, eGFR kwenye karatasi ya maabara, hakijashuka chini ya 20. Hapa wagonjwa wengi huchanganyikiwa. Figo zikishachoka, flozin hushusha sukari kidogo sana, mtu anapima asubuhi anaona namba haijabadilika, anaitupa. Ulinzi wa figo unaendelea hata pale ambapo sukari haishuki sana. Na maabara wakichovya kijiti kwenye mkojo wako watakuta sukari imejaa hadi mwisho wa kipimo. Waambie unatumia flozin, vinginevyo utaongezewa insulini bure.

Madhara yake ni ya aina nyingine. Fangasi za sehemu za siri ni za kawaida, kwa wanawake zaidi, na watu huona haya kuzitaja. Usafi na dawa ya kupaka huzimaliza mara nyingi. Mwili unaweza kukauka maji, kwa hiyo anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. La kuogopwa ni tindikali ya ketoni: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, huku kipimo cha sukari kikisoma namba isiyotisha. Usidanganyike na namba hiyo, nenda hospitali useme unatumia flozin. Kwa sababu hiyohiyo husimamishwa siku tatu hivi kabla ya upasuaji, na wenye kisukari aina ya kwanza kwa kawaida hawapewi kwa ajili ya figo.

Bei ndiyo ilikuwa kikwazo, na kwa wengi bado. Ila hataza (haki ya pekee ya kuitengeneza) ya dapagliflozin iliisha India mwaka 2020 na ya empagliflozin mwaka 2025, viwanda vya huko vikaingia kwa wingi, na dawa zetu nyingi hutoka kwao. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kama uliuliza bei miaka mitatu nyuma ukakata tamaa, uliza tena.

Gliptin na vimeng'enya vingine vilivyoangusha watu

Sitagliptin, vildagliptin, linagliptin: dawa tulivu, hazishushi sukari kupita kiasi zikiwa peke yake, na linagliptin haihitaji kupunguzwa dozi hata figo zikiwa mbovu. Kwa sababu hiyo ya mwisho huuzwa kama "dawa ya sukari ya wagonjwa wa figo", na msikiaji hudhani inatibu figo. Linagliptin ilijaribiwa kwa watu 6,979, wengi wakiwa na figo zilizochoka. Haikudhuru figo, wala haikuzilinda kuliko kidonge kisicho na dawa. Salama kwa figo na kinga ya figo ni vitu viwili.

Vingine navipitia haraka. Aliskiren, inayozuia kimeng'enya cha renini, iliongezwa juu ya pril au sartan kwa wenye kisukari 8,561. Jaribio likasimamishwa Desemba 2011 kwa potasiamu na madhara mengine. Vizuizi vya aldozi redaktezi, kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa sorbitoli, vilikuwa na nadharia nzuri ajabu; tolrestat iliondolewa sokoni mwaka 1996 kwa kudhuru ini, na epalrestat inatumika Japani kwa matatizo ya neva. Allopurinol, kizuizi cha kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki, ilijaribiwa kwa watu 530 wenye kisukari aina ya kwanza, na mwaka 2020 ikaonekana haiokoi figo. Ibaki kwa wenye jongo. Vizuizi vya kimeng'enya kinachotengeneza aldosteroni, homoni inayobakiza chumvi mwilini, vinapunguza protini kwenye mkojo katika majaribio ya awali, lakini si vya kuvitafuta dukani leo.

Na yule anayekutumia kwenye simu habari kwamba majani ya mlonge "yamethibitishwa kuzuia vimeng'enya vya kisukari": ni kweli tafiti za aina hiyo zipo, nyingi zikiwa za kwenye mirija ya maabara. Kati ya mrija na figo ya mtu pana safari ndefu, na aliskiren ilifia njiani ikiwa imefika mbali kuliko mlonge.

Ukiwa na mfuko wa kununua moja tu

Pril au sartan, kwa dozi ya kutosha. Hapo sina shaka hata kidogo.

Ukiweza mbili, ongeza flozin. Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi: kama una protini kwenye mkojo na kila mwezi unalipia gliptin, muulize daktari kama pesa hiyo inaweza kuhamia kwenye flozin. Mara nyingi inawezekana. Isipowezekana, sababu huwa ni eGFR iliyoshuka sana, fangasi zinazorudi kila mara, au kisukari cha aina ya kwanza.

Wenye bima nzuri au walio Ulaya na Ghuba wana ngazi mbili za juu zaidi. Finerenone huziba kipokezi cha aldosteroni, na mwaka 2020 ilipunguza kuharibika kwa figo kwa asilimia 18, potasiamu ikihitaji kupimwa kwa ukaribu. Semaglutide, ile sindano ya wiki, ilishusha hatari kwa asilimia 24 katika matokeo ya 2024 ya watu 3,533. Spironolactone ni ya bei nafuu na inagusa kipokezi hichohicho, lakini haina jaribio kubwa la figo za kisukari la kuitetea, na huotesha wanaume matiti.

Kama una kisukari, presha iko sawa na mkojo hauna albumini, hakuna sababu ya kuanza pril wala sartan kwa ajili ya kujikinga. Mwaka 2009 enalapril na losartan zilijaribiwa kwa watu wa namna hiyo wenye aina ya kwanza na hazikuchelewesha chochote kwenye figo. Unachohitaji ni kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo kila mwaka, kuanzia siku ya kugundulika kwa aina ya pili na mwaka wa tano kwa aina ya kwanza. Miligramu 30 kwa gramu kwenda juu, ikirudiwa na kuthibitika, ndipo mazungumzo ya dawa hizi yanapoanza.